Mzee Ngoja Kwanza na Cherehani Zake

Ndugu yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Ngoja Kwanza, alizaliwa tarehe 9 Juni 1946 katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha nguo, mtoto wa kwanza kati ya watano. Mama yetu alikuwa akisema kwamba alizaliwa na uso wa mtu aliyesahau kitu mahali.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli hadi mwaka 1960, baba alipougua na ada ikakatika. Darasani alikuwa wa kwanza kumaliza mtihani na wa mwisho kuukabidhi, maana kila jibu alilirudia kulikagua.

Mwaka 1963 aliingia karakana ya cherehani kama mfagizi, na tarehe 2 Agosti 1971 akafungua duka lake la kuuza na kutengeneza cherehani kwenye barabara ya stesheni. Hakumwandikia mteja dhamana hata siku moja. Alimtazama machoni akamwambia, "Ikikusumbua, niletee. Nikiwa hai, hulipi kitu." Neno hilo lilitosha, na watu walibeba cherehani zao vichwani wakaenda zao wametulia. Siku hizi unauziwa mashine ya plastiki na karatasi yenye maandishi madogo kama chawa, na ikifa unaambiwa ununue nyingine.

Tarehe 18 Desemba 1974 alimwoa mshonaji aliyekuja dukani kununua sindano akachelewa kuondoka. Katikati ya harusi bwana harusi alimwinamia bibi harusi.

"Ngoja kwanza. Jiko la mafuta kule nyumbani, nimelizima?"

"Huna jiko la mafuta," bibi harusi akamjibu. "Tunanunua kesho."

Alistaafu mwaka 2009. Daktari alimshauri atafute vitu vya kumtuliza, naye akavitafuta kwa bidii ya mfanyabiashara. Alifuga njiwa, akawa hakai chini mpaka wa mwisho arudi. Alipanda waridi, akawa anachungulia kila jani kama askari wa mpakani. Alipiga picha, alicheza drafti, na alijifunza kodiani ukubwani, akiisimamisha katikati ya wimbo kusikiliza kama inavuja upepo. Mkewe alimwambia, "Baba watoto, umeandikiwa mapumziko, wewe umeyageuza ajira."

Februari mwaka jana figo zake zilianza kumwangusha. Habari zikaenea, na hapo ndipo mafundi nguo walipokumbuka vizuri lile neno lake. Wakaanza kufika nyumbani na cherehani zao, hata zile zilizokuwa zimelala miaka uvunguni.

"Shikamoo, mzee. Pole sana na maradhi. Hii inaruka mishono."

Mwanawe wa kwanza, ambaye anauza simu, alisimama mlangoni. "Jamani, huyu ni mgonjwa."

"Tunaona, mwanangu," fundi mmoja akamjibu. "Hatumharakishi. Tunawahi tu."

Marehemu aliwasikia kutoka kitandani. "Waache waingie. Neno nililisema mimi, hamkulisema ninyi."

Tangu hapo hofu yake ikawa moja: pumzi isije ikaisha kabla ya cherehani. Alitengeneza akiwa ameegemea mito, mkewe akimmulikia kwa tochi na kumtungia sindano uzi. Usingizini mguu wake ulikanyaga hewa. Mwishowe ikabaki moja, ya mjane anayeshona sare za shule, na shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Aliifungua yote, akapanga vipande juu ya taulo, kisha mikono ikakataa. "Ya mama sare nisiiache wazi," alimwambia mwanawe. Asubuhi ya tarehe 3 Januari alifariki, taulo likiwa bado limetandazwa mezani.

Jana mchana mwanawe alikaa pale na mama yake, wakaifunga kipande kwa kipande, wakibishana. Inashona, na mshono umenyooka. Lakini skrubu moja ilibaki juu ya taulo, na hakuna tundu waliloliona la kuiweka. Mjane wa sare alipokuja kuchukua cherehani yake, aliiona ile skrubu.

"Ikinisumbua, nampelekea nani sasa?"

Kijana wetu akaiokota skrubu akaitia mfukoni. "Niletee mimi, mama."

"Unaijua kazi hii?"

"Siijui. Wewe niletee tu."

Mjane akaibeba cherehani yake. Skrubu anayo kijana mfukoni hapa alipo, na ukimtazama usoni utajua amerithi nini.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanane, sisi wadogo zake wawili, na mafundi wengi kuliko tunavyoweza kuwataja.

Kaka, lala salama. Kilichobaki wazi, tuachie sisi tuhangaike nacho.