Vuta-Tuone na Kichaka cha Mama Yake

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1953, binti pekee wa mwashi na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo ukuta wake wa jikoni uliegemewa na kichaka cha maua. Mama yake ndiye aliyekipanda. Akiulizwa kinaitwaje, mama huyo alijibu, "Kwani chenyewe kimewahi kuniuliza langu?"

Marehemu alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya nyumba yao, kisha chuo cha ushonaji, akahitimu mwaka 1972. Ndiyo, alimaliza, si kila mtu wa ukoo huu anaweza kusema hivyo.

Maisha yake yote ya kazi alishona kwenye kibaraza cha duka la vitambaa. Kabla ya kumkabidhi mteja nguo, aliushika kila mshono kwa mikono miwili, akauvuta. "Kisichovutwa hakijashonwa," alisema. Wateja wakambandika jina la Vuta-Tuone, likamganda.

Mwaka 1976 aliolewa na fundi saa, mtu wa maneno machache, na baadaye wakairithi nyumba ile pamoja na kichaka chake.

Balaa lilianza mafundi bomba walipochimba mtaro wakaikata mizizi yake. Kichaka kikaanza kukauka upande mmoja, naye akaapa hakitakufa bila kuacha mrithi. Kwanza alisaka jina lake, ili ajue kinaoteshwaje. Kila muuza miche alipelekewa ua moja. Kumbe ua hilo huchanua likiwa la zambarau, likafifia, mwisho likawa jeupe! Aliyeletewa la zambarau akataja jina, aliyeletewa jeupe akataja lingine, na wote wakaapa. Alirudi na majina manne na hasira moja.

Akaamua kuotesha hivyo hivyo. Alikata vijiti chini kidogo ya kifundo, pale jani linapochipuka, akapukuta majani ya chini, akavichomeka kwenye makopo ya mchanga na kuvifunika kwa nailoni. Kazi safi. Kisha kila asubuhi akavivuta kuona kama vimeshika.

"Mke wangu, mti si kola," mumewe alimwambia.

"Kama umeshika, kuuvuta kutaupunguzia nini?"

Vikanyauka. Akachomeka vingine, akavivuta, mwaka baada ya mwaka. Hata ndoo ya kumwagilia aliipiga teke kwa hasira.

Januari mwaka huu moyo ulianza kumsumbua, akalazwa, huku nyumbani akiwa ameacha makopo mapya. Kila siku alipiga simu: "Mmevuta?"

"Tumevuta, Mama. Bado," kitinda mimba wake alijibu. Uongo mtupu; hakuna aliyegusa kopo.

"Vikaidi kama baba yenu!" alifoka, akakata simu.

Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 12 Machi 2024, akiwa bado amekasirika.

Jana, makopo yaliposogezwa kupisha viti vya waombolezaji, mizizi myeupe ilionekana imechungulia kwenye matundu ya chini. Miaka yote ile, vijiti vilitaka kuachwa tu. Inaudhi, na hakuna haja ya kujifanya haiudhi. Kitinda mimba aliketi palepale, kopo mapajani. "Mama," alisema, "leo ungepiga simu nisingekudanganya."

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, cherehani moja, na miche mitatu isiyo na jina, mmoja kwa kila mtoto.

Apumzike kwa amani. Na atakayetaka kujua kama miche imeshika kweli, atie mikono mfukoni.