Ngozi Nyuma ya Picha ya Harusi

Sogeeni karibu, Gadiel, na wewe Scola, maana sauti yangu haifiki mbali tena, na mama yenu yuko jikoni. Haya nataka myasikie ninyi kabla yake.

Huu mwaka wa tatu tangu meli moja ilipoingia bandarini kutengenezwa, na fundi wake, mzee wa Uskoti, akatusimulia wakati wa chai habari za sili, wale wanyama wa bahari wenye vichwa kama vya mbwa. Kwao, alisema, sili huvua ngozi ufukweni akawa mwanamke, na mwanamume akiificha ngozi ile humwoa, naye humzalia na kumpikia, ila siku atakayoiona hurudi baharini bila hata kuaga. Wenzangu wa kazi pale bandarini walicheka. Mimi nilirudi hapa Sydenham nikamtazama mama yenu kwa jicho jingine. Kila Jumapili baada ya misa alishuka pwani peke yake, akarudi na chumvi kwenye pindo la kitenge, na nikimuuliza alikuwa akitazama nini, hujibu, “Maji tu, Baba Gadiel.” Maji tu! Nani hupanda taksi mbili kwenda kutazama maji?

Basi nikachukua pasipoti yake chini ya godoro, nikaificha nyuma ya picha yetu ya harusi, hiyo anayoifuta vumbi kila Jumamosi. Alipoikosa nikamwachia amshuku Huguette, yule Mkongo wa saluni tuliyepanga naye, nanyi mkamwita mwizi mpaka akahamia Pinetown. Kisha bibi yenu mzaa mama akafariki kule Muleba. Nikamdanganya mama yenu kwamba nimeshamwombea pasipoti mpya ubalozini Pretoria na haijatoka, tukakaa matanga humu humu, nikalia naye, wanangu, nikalia kweli, na ngozi yake iko ukutani juu ya vichwa vyetu. La kuvunda halina ubani.

Cherehani ni ya mama yenu, ndugu zangu wasiiguse. Gadiel, nenda Pinetown ukamwombe Huguette radhi, umwambie mwizi nilikuwa mimi. Scola, teremsha picha, umpelekee mama yako… Ngoja. Ngojeni nife kwanza.

Hapana. Ndivyo moyo wangu ulivyo, msiusikilize. Mpe sasa hivi, na akitaka kwenda, asiulizwe atarudi lini.

Mungu awape usingizi nilioukosa mimi miaka hii yote. Awape… nipe maji, Gadiel.

Scola, umempa? Amesema nini? Macho yangu yamekwisha, wanangu, nasikia mlango tu. Anaingia, au anatoka?