Nyumba ya Mwisho ya Zálužánky: Oldřich Kubásek (1941–2024)

Marehemu Oldřich Kubásek alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 mjini Choceň, mtoto wa pili wa fundi wa reli. Mama yake alisema mwanawe alijifunza saa kwa kusikiliza treni, na siku treni zilipochelewa, naye alichelewa kula.

Alisoma chuo cha reli, Česká Třebová, akahitimu mwaka 1959. Alikuwa mkuu wa zamu stesheni kwa miaka arobaini na moja, kofia nyekundu kichwani. Kazini hakutaka utani. Ndoto zake alizitunza nyumbani.

Tarehe 18 Juni 1966 alimwoa Drahomíra, mzaliwa wa Zálužánky, kijiji kilichofunikwa na maji ya bwawa alipokuwa na miaka minane. Chini ya paa la nyumba yao, Oldřich alianza kukijenga upya kama mfano wa mezani wenye reli na treni zake, kila kitu kidogo mara mia na ishirini kuliko halisi, kama kilivyokuwa kiangazi cha 1950. Injini zilikuwa za mvuke tu. Ya dizeli aliyopewa zawadi aliifungia kabatini, kwa kuwa haikuwahi kufika kule. Udongo ulikuwa majani ya chai yaliyokaushwa, nyasi unga wa mbao uliotiwa rangi. Jumapili jua likiingia dirishani, treni ikizunguka polepole, ungeapa unasikia nyuki kwenye miti ya matofaa.

Lakini pale ilipokuwa nyumba ya kina Drahomíra palibaki nyasi. Oldřich hakujenga asichoweza kuthibitisha.

“We Olda, hata banda la kuku la padri umejenga! Kwetu je?” mkewe alimuuliza.

“Lete picha, mama.”

“Picha? Sisi tulikuwa na mbuzi wawili. Kamera tungeitoa wapi?”

Walicheka, ila ilimuuma Drahomíra kwa zaidi ya miaka hamsini.

Oktoba 2023 Oldřich aligundulika na ugonjwa wa mapafu. Aliporudi kutoka hospitali aliomba kadibodi na penseli.

“Haya, mama. Mlango ulitazama wapi?”

Msimu mzima wa baridi mke alisimulia, mume akakata. Mlango ukapakwa kijani. Kesho yake Drahomíra akaangua kilio.

“Olda, nimekudanganya. Rangi ya mlango siikumbuki. Hata madirisha nimebuni.”

“Najua. Juzi ulisema bluu.”

“Sasa mbona umepaka?”

“Miaka yote nasubiri picha, kumbe shahidi yuko jikoni ananipikia supu. Nipe gundi.”

Alifariki nyumbani tarehe 9 Februari 2024, saa nne asubuhi, mkewe akiwa kando yake. Paa la nyumba ile ndogo lilikuwa limeshabandikwa. Ameacha mjane, Drahomíra, binti, Ludmila, wajukuu wawili, na injini ishirini na tatu za mvuke.

Juzi mjane aliipandisha nyumba ile darini, kilipo kijiji. Chini ya kila jengo Oldřich aliandika ushahidi wake: picha ya nani, ramani ya mwaka gani. Drahomíra aliigeuza nyumba ya kwao, akavaa miwani, akasoma: “Imethibitishwa na Drahomíra, aliyekuwepo.”

Olda wetu apumzike kwa utulivu.