Damari na Tanuri la Maganda ya Risasi

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo jioni hii, sogezeni viti karibu na redio. Tunamkumbuka Damari Mwakalinga wa Uyole, Mbeya, aliyezikwa Jumamosi iliyopita. Damari aliyeyusha maganda ya risasi, akasubu kengele za ng'ombe.

Yote yalianzia katika uwanja wa shabaha, mwaka 1972, wakati wa mafunzo ya mgambo. Wanaume walilala kifudifudi wakalenga. Wanawake waliagizwa kuokota.

"Akina mama, maganda hayo," alisema mkufunzi. "Kulenga waachieni waume zenu."

Damari aliokota. Lakini aliona shaba ile nzuri ikifukiwa shimoni, akaomba aichukue. Mkufunzi alicheka. "Chukua, mama. Kaungie mboga."

Aliibeba hadi kwa mjomba wake, Mzee Lutengano, mhunzi wa majembe. Mzee alimzuia mlangoni. Kwa wahunzi wa ukoo wao, mwanamke hakaribii tanuri. Akikaribia, kazi huharibika. Damari hakubishana. Alirudi nyumbani, akajenga tanuri nyuma ya jiko, akashona mviriba wa ngozi ya mbuzi wa kuvuvia moto.

Narudia, wasikilizaji: alijenga tanuri lake mwenyewe.

Mwanzo ulimchoma. Ganda moja lililobaki na baruti lililipuka chunguni, likamwachia kovu shavuni. Tangu hapo kila ganda alilipuliza mdomoni asikie kama ni tupu, kisha akapapasa kitako chake kwa kidole gumba. Lisipokuwa na kishimo kilichogongwa na pini ya bunduki, yaani halijafyatuliwa, halikuingia motoni. Binti yake, Roza, anasema: "Mama alipuliza hata akizungumza na wageni. Nyumba nzima ilikuwa filimbi."

Mteja wake wa kwanza alikuwa Masunga, mfugaji wa Usangu, aliyekuwa akipoteza ng'ombe katika matete. Alipanda lori kutoka Igawa. Pale sokoni Uyole watu walimnong'oneza kwamba kengele zile zimesubiwa na mwanamke. Masunga akazitikisa moja moja sikioni. "Ng'ombe wangu hawajauliza," akasema.

Kisha majembe ya Mzee Lutengano yakaanza kupasuka motoni. Lawama ikamwangukia Damari. Wazee walikaa na mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Jailos, wakaamua: alete kuku, apige magoti, azime moto wake. Damari alifika na masizi mikononi.

"Ndugu Mwenyekiti, kuku ninaye," alisema. "Jioni nitamla na wanangu. Moto siuzimi."

"Unanidharau, mwanangu?" aliuliza Lutengano.

"Sikudharau, mjomba. Shikamoo yako utaipata kila asubuhi. Tanuri ni langu."

Baada ya siku ile hakuna jirani aliyemsaidia kubeba mkaa. Aliubeba mwenyewe kutoka mlimani. Na wanawake walipofunga safari kutoka Kilolo, huko Iringa, kuja kujifunza kusubu, aliwakaribisha, akawafundisha, wala hakuomba ruhusa ya mtu.

Mwezi huu homa ya mapafu ilimlaza, naye hakuinuka. Msibani, wazee walisema kwa kuwa mwenyewe ameondoka, tanuri lile livunjwe. Roza aliwasikiliza kwa adabu hadi mwisho. Kisha akajifunga khanga kiunoni, akazunguka nyuma ya jiko, na waombolezaji wakausikia mviriba ukipumua.

Tulimkuta Mzee Lutengano uani, mkono shavuni. "Mimi sikukubali, na leo sijakubali," alituambia. "Mama yake hakusikia. Na huyu hasikii."

Kwa Roza na ndugu zake, kwa akina mama wa Kilolo, na kwako pia Mzee Lutengano: poleni sana. Mwenyezi Mungu awatie nguvu.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, kabla hamjalala, kila mmoja ajiulize ni kazi gani aliyoiacha kwa sababu tu aliambiwa si yake. Akishaijua, asiishie kuhuzunika. Kule Uyole mfiwa Roza amekwisha kuchanganya udongo wa kalibu mpya ya kengele, na wanaotaka tanuri livunjwe wanajua njia ya kwenda kwake.