Bwana Chumvi Akabidhi Ufunguo wa Kitalu

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, fundi wetu wa kitalu anastaafu rasmi baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Hapa kituo cha utafiti wa mazao kila mtu anamwita Bwana Chumvi, hata mkurugenzi. Mimi naosha vyungu vya kitaluni. Yeye ni kaka yangu wa kazini, na mkewe ni wifi yangu. Kwa hiyo nitasema yaliyopo, atakayenuna anune.

Alianza kwa kumwagilia. Mbolea ya potasiamu ilikuwa ghali, wakulima wanalia, na mtafiti mkuu akataka kujua kama sodiamu, hii iliyomo kwenye chumvi, inaweza kushika nafasi yake ndani ya mmea. Mahindi yalikataa. Maharage yalikataa kwa dharau, yakajikaukia. Bitiruti zikakubali. Fundi akazipunguzia potasiamu kidogo kidogo, akachukua mbegu zake, akapanda tena, kizazi baada ya kizazi. Leo wapo wakulima wanaovuna bitiruti nzuri kwa nusu ya mbolea ile. Kazi hiyo ni yake, apigiwe makofi.

Lakini mle kitaluni, jamani. Mchana jua likichoma, kila mmea kituoni unalegea. Zake zinasimama. Majani mazito, yanang'aa kama yametoka kuoshwa, wala mdudu hazigusi. Ukiingia unajiona umekatiza mazungumzo. Mlinzi wetu, mwanamume mwenye kifua kama kabati, huzunguka kwa nje tu. Nilimuuliza kama anaogopa mboga.

"Mboga siziogopi, mama. Hizo zinaniangalia."

Nikamcheka. Toka siku hiyo naosha vyungu mlango ukiwa wazi.

Fundi alitueleza kwamba sodiamu inashika maji, jani linajaa, na kwa macho huoni tofauti. Ila kuna kazi ya ndani kabisa ambayo potasiamu peke yake ndiyo inaiweza. Mara moja, kwa ubishi wake, aliiondoa yote. Mimea ikabaki imesimama, kijani kibichi, haikui, haifi, haitoi hata jani jipya moja. Siku tulipoipasua, moyo wake ulikuwa mweusi. Hakuna aliyeweza kusema ilikufa lini. Fundi hakula siku hiyo.

Mwaka jana wifi alinijia getini. "Wifi, huyu mnayenirudishia jioni ni nani?" Akasema mumewe anakula, anaitikia salamu, anakaa wima kwenye kiti mpaka saa ya kulala, lakini kicheko hana. Wajukuu wanamzunguka kama nguzo. Jumapili nayo anakuja kitaluni.

Nilimfuata. "Kaka, mkeo anaishi na shati lako. Mwenyewe uko wapi?"

"Nikiondoka zitalegea," akanijibu, macho yake yakiwa kwenye majani.

"Si zilegee."

Akachukua ndoo, akaendelea kumwagilia. Tulibishana hivyo miezi mingi, mpaka Jumatatu hii alipoweka ufunguo mezani kwa mkurugenzi na kwenda zake. Jumatano wifi akanipigia simu, analia na kucheka pamoja: mjukuu alivaa viatu vya babu akaanguka navyo, na babu akacheka hadi chai ikamwagika.

Jumatano hiyo hiyo, mchana, bitiruti zote zililegea kwa pamoja. Haikuwahi kutokea. Tukapima maji, tukakagua mizizi, hatukuona kasoro.

Wenzangu walitaka nisiliandike hili. Nimeliandika, kaka, maana mlinzi hana siri na ungelisikia njiani, ukageuza. Zimelegea. Tutazihudumia sisi, na zikifa tutapanda nyingine. Wewe usije. Nikikuona kwenye lile geti Jumatatu ijayo, nitakufukuza kwa ufagio mbele ya mkurugenzi na wageni wake.

Asante kwa mikono yako na kwa uvumilivu wako kwetu. Kituo kizima kinakutakia maisha mema, wewe na wifi, mle nyumbani mwenu, mkiwa wote wawili.