Viatu vya Koplo Danford

Bismillahi. Sogeeni, wanangu, Masoud, Asya, mlango uacheni wazi nipate pumzi, na msinikatize, maana nikikatizwa leo sitorudi nilipoachia.

Nyumba na mikarafuu mtagawana kwa sheria, shehe anajua. Ninachokuusieni mie ni ile pembe ya shamba la Kengeja, penye jiwe, ambayo Asya hataki kuikanyaga na Masoud anataka kuiuza pamoja na shamba zima, ati pana mzimu.

Mzimu! Babaenu Mmanga, Mungu amrehemu, alirudi vita vya Uganda kavaa viatu vinampwaya mpaka anaburura miguu. Nikamcheka, "Bwana, jeshi limekupa vya nani?" Akaenda kuvizika penye lile jiwe, na kila alasiri akawa anakaa pale ananong'ona. Majirani wakaona. Mara ubani, mara mayai, mara kitambaa cheupe, wanawake wanaweka nadhiri wapate watoto, na wengine wakapata! Babaenu akicheka hata machozi yanamtoka: "Waache, Mwanapili. Wanamliwaza."

Wanamliwaza nani? Nilimuuliza miaka na miaka, mie mtu nisiyevumilia kutojua. Kaja kunambia kitandani humuhumu, siku zake za mwisho. Koplo Danford, Mkristo wa Upareni. Vya babaenu vilikatika soli, Danford akavua vyake akampa avae zamu ya usiku. Alfajiri wakashambuliwa, wote wakakimbia, na Danford, pekupeku kwenye miiba, akabaki nyuma, akauawa. Babaenu hakuthubutu kwenda kwao, wasije wakamuuliza mbona mtu wao hakuwa na viatu.

Basi sikilizeni. Pale hapauzwi. Masoud, mtafute binti wa Danford, Angelina, alimwacha mchanga. Mleteni, akae penye jiwe, asali kwa dini yake, na ubani wa watu msiuondoe. Mwambieni yote, hata hilo la viatu. Akikasirika, nyamazeni, mpikieni, mumlaze nyumbani.

Nipe maji, Asya... Basi, yatosha. Radhi zangu mnazo nyote wawili, Mungu akupeni watoto wa kukusikilizeni hivi. Lakini pale jiweni... babaenu alikuwa akimwambia Danford nini kila siku? Hilo alininyima mpaka anakufa. Msilie sana, wanangu. Nakwenda... kumuuliza.