Sixten Brolund, Mtu wa Tepu Nyeusi

Baada ya miaka thelathini na minne ya kulala chini ya mabasi yetu, fundi Sixten Brolund anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Mei. Tunaposema kulala tunamaanisha kufanya kazi, ingawa Marjatta Heinonen, fundi wa benchi la jirani, ana maoni yake.

Sixten aliingia Karakana ya Tallmo, hapa Västerås, na sanduku la vifaa ambavyo vyote, kuanzia nyundo hadi bisibisi, vilikuwa vya Norrhammar, kiwanda ambamo baba yake alifua chuma hadi uzeeni. Kwenye droo ya juu alilaza spana namba kumi na tisa iliyotoka mikononi mwa mzee huyo. Hakuiazimisha kwa mtu. Marjatta alipojaribu kuiomba, aliambiwa aanze kwa kuazima mswaki.

Tangu hapo kahawa ya saa tatu ikakosa amani. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na kwetu ngoma ilikuwa spana. Marjatta alidai Norrhammar limebaki jina tu, chuma chenyewe kilizikwa na wazee. Sixten naye alisema vifaa vya Marjatta vinafaa sana, hasa kukorogea rangi.

Aliyeleta dawa ni Sixten mwenyewe. Asubuhi moja tulikuta amezungushia spana zetu zote tepu nyeusi ili chapa zisionekane. "Fumba macho, fungua nati, sema ipi bora," alisema. "Jina baadaye." Aliyeisifia chapa yake kisha akakuta ameshika ya mwenzake alileta keki. Tumejaribu hivyo koleo, drili, msumeno, na wiki moja ya uvivu tulijaribu hata mifagio. Keki zilizoliwa hapa zingelisha mji.

Sixten alipenda kushinda, lakini alipenda zaidi kujua. Kifaa kikivunjika, kiwe chake au cha jirani, alikipasua atazame kilichokishinda. Ndiyo maana tulimwamini, hata tulipomzomea.

Februari iliyopita meneja wetu, Yngve Rask, alitangaza kwamba karakana itanunua mashine mpya za betri za kufungulia nati za magurudumu, zote za chapa moja, na atakayechagua ni Sixten. Zilibaki chapa mbili: Norrhammar, na Lumo ya rangi ya chungwa, inayouzwa duka moja na chakula cha mbwa. Sixten alitaka sana kuiacha karakana mikononi mwa kiwanda cha baba yake, wala hakuficha. Sote tulidhani mambo yamekwisha.

Marjatta akaja na tepu. "Desturi ni desturi, mzee wangu."

Mashine zilivikwa blanketi na tepu. Sixten alifungwa kitambaa machoni na kuzibwa masikio, maana mashine za Norrhammar anazijua kwa mlio. Akafungua nati za basi zima. Aliposhika mashine ya pili alitabasamu. "Hii," alisema. "Haitikisi kiganja. Hiki ndicho chuma cha nyumbani."

Marjatta akavua blanketi. Rangi ya chungwa.

Hakuna aliyecheka. Sixten aliomba jaribio lirudiwe baada ya kahawa, Marjatta akazichanganya upya, na mkono wa Sixten ukachagua ileile. Akakaa nayo muda mrefu akiigeuzageuza, akitafuta mahali watengenezaji walipouficha ule mtikisiko. Tuliomtazama tulisikia uchungu kwa niaba yake.

Yngve alimvuta pembeni, kwa wema tu, akamwambia bado anaweza kununua Norrhammar, iwe zawadi ya kumuaga.

"Mimi naondoka Mei," Sixten alijibu, na sote tulisikia. "Viganja vya hawa vina kazi miaka mingi bado. Mkono haujui baba yangu alifanya kazi wapi. Nunua hii."

Kesho yake alileta keki ya kijani, ile ya sherehe, kubwa kuliko zote. Marjatta alikata kipande cha kwanza akampa yeye bila kumtania, jambo ambalo halijatokea kabla wala baada.

Wiki iliyopita Sixten alisafisha droo zake. Siku hiyohiyo, kwenye ubao wa spana za pamoja, ambako kila mtu huchukua na kurudisha, ilionekana namba kumi na tisa ya ziada, imezungushiwa tepu nyeusi kutoka mwanzo hadi mwisho. Kila asubuhi ndiyo inayotangulia kuchukuliwa. Marjatta huiwahi kabla hajavaa ovaroli. Hatujaivua tepu, wala hatutaivua.

Ahsante, Sixten, kwa kutufundisha kufumba macho. Pumzika vyema wewe na viganja vyako, afya isikupungukie, na kahawa ya saa tatu iko palepale. Ukija, kitambaa cha macho kitakuwa tayari.